Kusudi Lako Lina Anwani

Maandiko: Yeremia 29:4–14, Yeremia 32:6–27, Danieli 6:1–5



Kama kuna andiko ambalo mhubiri hahitaji kulifungua katika kanisa letu, ni Yeremia 29:11. Liko kwenye kalenda za ukutani, liko kwenye vioo vya matatu, na nusu ya vijana wetu wameliweka kwenye simu. Tunajua kwamba Mungu ana mpango wa heri na sisi, na kwamba kesho yetu iko mkononi mwake. Amina, ni kweli.

Lakini Jumapili tulipoomba mtu asimame atuambie mstari wa 4 mpaka wa 7 unasema nini, kanisa lilinyamaza. Basi somo letu la wiki hii liko hapo hapo. Ukitaka kujua kusudi la Mungu juu ya maisha yako, soma barua yote, si mstari mmoja.

1. Barua iliandikiwa watu waliokuwa wamefunga mizigo

Yeremia aliandika akiwa Yerusalemu. Aliowaandikia walikuwa Babeli, wamechukuliwa kwa nguvu na Nebukadreza pamoja na mfalme wao Yekonia, mafundi na wahunzi. Hawakuchagua mtaa wa kuishi. Hawakuchagua jirani. Kila mmoja alikuwa na swali moja tu: tunatoka hapa lini?

Sasa fikiria siku barua ilipofika, imebebwa na Elasa na Gemaria. Watu wamekusanyika, masikio yamesimama. Na neno la kwanza kutoka kwa Mungu ni kwamba wajenge nyumba na wakae ndani yake. Wapande bustani na wale matunda yake. Waoe, waozeshe watoto wao, waongezeke wala wasipungue. Halafu mstari wa 7 unawashangaza zaidi: wautafutie amani mji ule ule waliopelekwa mateka, wauombee kwa Bwana, kwa sababu mji ukiwa na amani, na wao watakuwa na amani.

Ni baada ya hayo yote, na baada ya kuambiwa wangoje miaka 70, ndipo mstari wa 11 unakuja. Sisi tumechukua hundi tukaacha mkataba.

Wapendwa, wengi wetu tunaishi Mathare kama abiria aliye steji. Mtu aliye steji hafagii. Hapandi kitu. Hana haja ya kujua jina la aliyesimama kando yake, maana gari lake linakuja. Tunasema, "Nikitoka hapa ndipo nitaanza kumtumikia Mungu. Nikipata nyumba ya maana ndipo nitakaribisha ushirika." Mtu anasema hivyo mwaka wa kwanza, anasema hivyo mwaka wa tano, na mwaka wa kumi na tano bado yuko steji, na mkoba uko begani.

Kuna kijana mwenye karama ya kufundisha. Kila jioni watoto wa ploti wanamzunguka na vitabu vyao, wanataka awaeleze hesabu. Anawafukuza aende mkesha, na huko mkeshani anamlilia Mungu amwonyeshe kusudi lake. Ndugu yangu, kusudi lilikuwa limekaa mlangoni pako na kitabu cha darasa la nne!

Kusudi la Mungu lina anwani. Hata kama nyumba yako haina nambari mlangoni, hata kama unamwelekeza mgeni kwa kusema "ukivuka daraja uliza kwa mama wa mkaa", Mungu anaijua hiyo anwani na kuna kazi ameituma hapo.

2. Chungeni Hanania wa miaka miwili

Rudi nyuma sura moja. Yeremia 28 inatuonyesha nabii aitwaye Hanania. Yeye alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatakuwa sawa, vyombo vitarudi, mateka watarudi. Akachukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu wote. Nani hangesema amina? Yeremia mwenyewe alisema amina, akatamani iwe hivyo. Shida ni moja tu. Mungu hakuwa amemtuma Hanania, na mwaka ule ule Hanania akafa.

Sisi ni Wapentekoste, tunaamini unabii. Kwa sababu tunauamini, tunaupima, kama Paulo alivyowaagiza Wathesalonike (1 Wathesalonike 5:20–21). Na kipimo kimoja ni hiki: unabii huu unaniacha nikifanya nini Jumatatu asubuhi? Wa Hanania uliwaacha watu na mizigo imefungwa. Anayeamini kwamba ataondoka karibuni hachimbi msingi, hapandi mzabibu, hamsaidii jirani kuzibua mtaro.

Siku hizi Hanania ana nambari ya simu. Anakwambia panda mbegu ya shilingi 1,000, na kabla mwezi haujaisha utashika ufunguo wa nyumba mpya. Mama, hiyo 1,000 ilikuwa ya kodi. Mwezi unaisha, ufunguo haujaja, na mwenye nyumba anagonga. Mbaya zaidi, moyoni unaanza kuona kwamba Mungu ndiye aliyekudanganya.

Mungu wetu hufanya miujiza ya ghafla. Tumeiona katika kanisa hili na tutaendelea kuiona. Lakini haogopi kututajia muda mrefu. Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo niruhusuni nipige hesabu kidogo. Mtu aliyesikia barua ya Yeremia akiwa na miaka 30, ukiongeza 70, ni miaka 100. Maana yake wengi waliokuwa wakisikiliza siku ile hawangerudi. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa kubwa kuliko maisha ya mtu mmoja.

Hayo ndiyo maisha ya kusudi la juu, wapendwa. Ni kuchimba msingi wa nyumba ambayo atakayeirithi bado hajazaliwa, na kuifanya kazi hiyo kwa furaha kwa sababu aliyetoa ahadi hafi.

3. Amani ya mji ni amani yako

Neno la Kiebrania katika mstari wa 7 ni *shalom*. Ni zaidi ya kelele kunyamaza. Ni mambo kukaa vizuri: maji yapo, watoto wanasoma, mzee hapigwi, hesabu za soko ni za haki.

Wale mliokuwa hapa Januari 2008 hamhitaji kufafanuliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mtaa huu uliwaka. Jirani alimkimbia jirani, na jina la baba yako likawa ndilo linaloamua utapita njia gani. Siku zile hakuna aliyeweza kusema, "Mimi nina amani yangu moyoni, ya mji si shauri langu." Mji ukiungua, nyumba ya mwombaji pia inaungua.

Sasa nisikilizeni kuhusu jambo ambalo liko karibu nasi na tumelizoea mpaka hatulioni. Mwaka 1987 kilianzishwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Si kanisa, lakini kina somo kwa kanisa. Katika ligi zao, timu ikishinda mechi inapata pointi 3. Timu ikikamilisha kazi ya kusafisha mtaa inapata pointi 6. Umesikia? Kuondoa taka mtaroni ni sawa na kushinda mechi mbili! Kutoka katika mbegu hiyo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008, mwaka ule ule ulioanza kwa moto, timu hiyo ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Je, sisi kanisani tunahesabu pointi vipi? Mtu akishuhudia kwamba Bwana amempa gari, tunapiga vigelegele mpaka mpiga ngoma anashindwa. Mtu akishuhudia kwamba wiki hii alipatanisha wapangaji wawili waliokuwa wakipigania maji, tunamwangalia kama amekosea mlango. Nani alituambia kwamba la kwanza ni ushuhuda na la pili si ushuhuda?

Bonde hili lina ushuhuda wake. Askofu Arthur Kitonga alianza Redeemed Gospel Church hapa hapa Mathare mwaka 1974, na leo kanisa hilo limeenea pande nyingi za Kenya. Wallace na Mary Kamau, mume na mke, walianzisha Missions of Hope International hapa bondeni mwaka 2000 wakiwa na watoto 50. Leo wanafunzi katika shule hizo wanahesabiwa kwa maelfu. Hakuna kati yao aliyengoja bonde liwe zuri kwanza. Waliusoma mstari wa 7 kama watu walioandikiwa.

4. Kazi ya mikono yako ni madhabahu

Mtu atasema, "Mchungaji, hao ni maaskofu na waanzilishi. Mimi ninauza mandazi." Sawa. Twende kwa Danieli.

Danieli alikuwa kijana tu alipopelekwa Babeli. Danieli 9:2 inatuambia kwamba aliyasoma maneno ya Yeremia kuhusu miaka 70. Alijua kurudi kutachukua muda. Akafanya nini? Akafanya kazi. Katika sura ya 6 tunamkuta ofisini, mmoja wa wakuu watatu wanaopokea hesabu ili mfalme asipate hasara. Maadui zake wakamkagua. Wakapekua kila kitabu, wakatafuta shilingi iliyopotea, wasione kitu. Ilibidi wamshike kwa maombi yake, kwa sababu kwa kazi yake hawangeweza. Swali kwako: wakikuja kukagua, watakushika kwa maombi ama kwa hesabu?

Unapima unga na ratili yako ni ya kweli? Umehubiri. Unauza maji kwa mtungi, na siku mfereji umekauka hupandishi bei kumkamua jirani? Umehubiri. Wewe ni fundi wa mjengo na saruji inaingia yote, hata pale ambapo plasta itafunika na hakuna atakayeona? Umehubiri. Wewe ni mweka hazina wa chama na kitabu kinaweza kufunguliwa siku yoyote, saa yoyote? Huo ni mkutano wa injili, dada yangu. Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukia mizani ya uongo. Basi mizani ya haki inamfurahisha, hata kama imewekwa juu ya kreti kando ya Juja Road.

Na Bwana wetu mwenyewe alikuwa na anwani. Mwana wa Mungu alikaa Nazareti, mji ambao Nathanaeli aliuliza kama kuna jema linaloweza kutoka huko (Yohana 1:46). Luka 3:23 inasema alianza huduma akiwa na umri wa kama miaka 30. Miaka yote hiyo kabla ya muujiza wa kwanza, watu walimjua kama seremala. Je, miaka hiyo ilikuwa ya bure? Hapana! Alipobatizwa, kabla hajaponya mtu hata mmoja, Baba alisema kutoka mbinguni kwamba amependezwa naye.

5. Na nyumba ikibomolewa je?

Najua kuna mtu anasoma hapa na moyo wake unasema, "Mtumishi, unaniambia nijenge. Mimi nilijenga." Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku, ukachukua nyumba, ukachukua watu. Mwezi uliofuata matingatinga yakaja kubomoa zilizobaki kando ya mto. Kuna kati yenu waliotoka na nguo ya mwilini tu. Jambo hilo si la kufunikwa kwa haleluya moja.

Kwa hivyo njooni Yeremia 32. Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Binamu yake Hanameli anakuja na biashara: nunua shamba langu lililoko Anathothi. Kama mtu wa biashara, ningemshauri Yeremia asikubali. Mnunuzi yuko kifungoni, nchi inaangukia mikono ya adui, na bei ya ardhi kesho ni sufuri. Lakini Mungu amesema nunua. Akanunua kwa shekeli 17 za fedha.

Angalieni alivyonunua. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akapima fedha katika mizani. Akamwambia Baruki aziweke hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Asiye na imani hangenunua. Mwenye imani ya kelele angesema "nimepokea" akaenda zake bila karatasi. Yeremia alinunua, na akaweka karatasi vizuri.

Halafu akaomba, na katika maombi yake akamkumbusha Mungu kwamba mji umetolewa kwa Wakaldayo na bado ameambiwa anunue. Mungu hakumkemea. Alimjibu kwamba yeye ni Bwana wa wote wenye mwili, na hakuna neno lililo gumu kwake. Siku itakuja nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo.

Kwa hivyo wewe uliyebomolewa, una ruhusa ya kuuliza. Una ruhusa ya kulia. Lakini usikubali matingatinga yakwambie kwamba kila ulichofanya kilikuwa bure. Mtoto uliyemfundisha kusoma katika nyumba ile bado anasoma. Jirani uliyemuombea bado anasimama.

Na unapojenga tena, jenga kwa akili kama Yeremia. Usilipe pesa ya nyumba iliyo kwenye mkondo wa mto kwa sababu tu ni rahisi. Uliza nani ana haki ya kuuza. Taka maandishi. Nenda baraza la chifu, keti katika mkutano wa wakazi, uliza kuhusu mtaro na daraja. Hiyo pia ni kuutafutia mji amani. Kanisa linaloomba mvua isilete mafuriko, halafu linatupa taka mtoni, linajipinga lenyewe.

Nisieleweke vibaya. Sisemi umaskini ni mapenzi ya Mungu. Uhamisho wa Babeli ulikuwa na mwisho, na Mungu ndiye aliyeuwekea mwisho. Wala sisemi mtu asihame. Bwana akikufungulia mlango wa Kayole, wa Ruiru ama wa Canada, nenda na baraka zetu. Lakini jua kwamba atakayefika huko ni yule yule aliyekuwa hapa. Gari halimgeuzi abiria. Kama hapa hukumjua jirani, huko utajenga ukuta mrefu zaidi.

Neno la mwisho

Waefeso 2:10 inatufundisha kwamba tumeumbwa katika Kristo Yesu kwa ajili ya matendo mema, ambayo Mungu aliyatayarisha mapema ili tuenende nayo. Kwa hivyo kusudi halianzi na wewe kujitafuta. Linaanza na wewe kurudi kwa aliyekuumba. Kama hujampa Yesu maisha yako, anzia hapo leo. Wazee wa kanisa wako tayari kuomba nawe kila siku baada ya maombi ya jioni.

Na wewe uliyeokoka, fanya kama wale waliojenga ukuta na Nehemia, kila mmoja mbele ya nyumba yake. Wiki hii chagua jambo moja lililo ndani ya hatua 50 kutoka mlangoni pako. Mtoto mmoja wa kusaidia hesabu. Mgonjwa mmoja wa kupelekewa uji. Mtaro mmoja. Deni moja la zamani la kulipa. Jirani mmoja wa kabila lingine ambaye bado hujajua jina lake. Usitangaze, fanya. Jumapili ijayo tutatenga nafasi ya ushuhuda wa mambo hayo, na vigelegele vitakuwepo!

Maombi

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa kuwa unatujua kwa majina na unajua tunapolala. Tusamehe kwa kuishi kama abiria mahali ulipotutuma kama wajenzi. Ponya waliopoteza nyumba na waliopoteza watu. Tupe macho ya kuona kazi iliyo mlangoni petu na nguvu za Roho Mtakatifu za kuifanya. Ubariki mji huu, na katika amani yake utupe amani. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Someni Yeremia 29:4–11 yote kwa sauti. Ni agizo gani kati ya yale ya mstari wa 5 mpaka wa 7 ambalo ni gumu kwako, na kwa nini?
2. Ni jambo gani umekuwa ukisema utalifanya "nikitoka hapa"? Linawezekanaje kuanza wiki hii?
3. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini kwa pamoja kwa ajili ya ploti ama njia mnayokutania? Kubaliane siku, saa, na nani ataleta nini.